Jinsi Makhanu wa Langa Langa Alivyozing'oa Pembe za Baiskeli Yake

Jongeeni, enyi watu wa Nakuru, wa Langa Langa na Kaptembwo, enyi wa Bondeni na Free Area, nanyi mlioteremka na viazi kutoka Olenguruone mkaegemeza magunia ukutani! Zimeni redio. Epueni chai isije ikafurika. Nataka kuwasimulia vita ambavyo hakuna gazeti lililoviandika, ingawa damu ilimwagika kidoleni na mashati mawili yasiyo na hatia yakaangamia. Hii ni habari ya Makhanu, mjukuu wa mtia makaa wa garimoshi, fahali wa barabara ya Eldoret, mpasua upepo wa Bonde la Ufa, ambaye kwa mikono yake mwenyewe aliivua baiskeli yake pembe na kuivika usukani ulionyooka kama rula. Msicheke bado. Wakati wa kucheka utafika.

Baiskeli hiyo ilikuwa ya mashindano, nyekundu, nyembamba kama swala wakati wa kiangazi, na usukani wake ulijikunja kwenda chini mfano wa pembe za kondoo dume. Aipandaye baiskeli ya namna hiyo huinama hadi kidevu kikasalimiana na magoti, ili upepo umpite mgongoni bila kumgusa. Makhanu aliinunua akiwa kijana, zama zile alipokuwa mmoja wa Tai wa Menengai, kundi la waendesha baiskeli ambao kila Jumapili huutoka mji wakiwa wamevaa nguo za kubana zinazowafanya akina mama waangalie pembeni. Akaiita Radi.

Sasa Makhanu alikuwa mtu wa makamo, msimamizi wa mashine katika kiwanda kimoja cha unga, mwenye kitambi cha heshima ambacho kilikuwa kikigombania nafasi na mapaja yake. Hata hivyo, kila asubuhi aliinama vilevile kwenda kazini, akikata pumzi, macho yameganda kwenye gurudumu la mbele, kana kwamba langoni mwa kiwanda anangojewa na utepe wa ushindi, kumbe anangojewa na askari anayepiga miayo.

Kuinama huko kulimpa shingo ngumu kama mpini wa jembe, hata ikawa akiitwa kanisani hugeuka mwili mzima kama kabati. Hilo alilivumilia, maana majagina hawalalamiki. Lakini lilikuwapo baya zaidi ambalo hakulijua. Mtu aliyeinama hamwoni mtu, na asiyemwona mtu hamsalimii. Miaka mingi Makhanu alipita katikati ya watu wa Nakuru kama kivuli cha ndege, akiacha nyuma yake mikono iliyoinuliwa bure hewani.

Ndipo likatokea lile la kule Kiamunyi.

Mama mkwe wake, malkia wa nafaka wa soko la Rongai, mwanamke mrefu mwenye sauti ya kengele ya kanisa, alikuwa ameshuka matatu kando ya barabara siku ya mvua, na mfuko wa maharagwe kichwani, zawadi ya kumpelekea bintiye. Akamwona mkwewe akija kwa mbali. Akafurahi. Akafungua leso, akaipunga, akaita, "Baba Jerry! Baba Jerry!" Naye Makhanu, ambaye dakika hiyo alikuwa akishindana na lori la ng'ombe, akazidisha mwendo, akapita kama mshale wa Mungu, na gurudumu lake likaingia katika dimbwi. Tope likainuka. Likatua juu ya rinda la Jumapili la mama mkwe, kuanzia kifuani hadi pindoni.

Mama yule aligeuka na maharagwe yake, akarudi Rongai. Jioni ndipo simu ya Anyango, mke wa Makhanu, ilipolia.

"Mwambie bwanako hivi," ikasema ile kengele. "Hapo kwake nitakanyaga siku ile atajua kuinua kichwa. Kama ameoa barabara, akae na barabara."

Laiti Anyango angegomba! Angegomba, Makhanu angejitetea, na vita vikishaisha watu hunywa chai. Lakini Anyango alinyamaza. Alipakua ugali akanyamaza, akakunja nguo akanyamaza, na ndani ya nyumba ile ikaingia baridi kama ya Olenguruone mwezi wa Julai. Tangu mwana wao Jerry aende chuo huko Eldoret, mama mkwe ndiye aliyekuwa mgeni wa pekee wa Anyango wa kucheka naye jikoni. Sasa jikoni palisikika sufuria tu.

Mwishowe, Makhanu akiwa anajaribu kugeuza shingo ili achukue chumvi, Anyango alisema, "Baba Jerry, si mama peke yake. Wamuyu wa hapa nyuma anasema tangu ahamie hujawahi kumjibu salamu. Hata kanisani wanaongea. Wanasema mzee wangu ana madharau."

"Madharau? Mimi?"

"Wewe. Na mimi nimechoka kukutetea. Naambia watu haoni, wananiuliza, kwani ni kipofu? Na anaendesha baiskeli?"

Neno hilo lilimwingia Makhanu kuliko mkuki. Akaweka chumvi chini. Akasimama katikati ya sebule, mkono mmoja kifuani, mwingine ukielekea dirishani ambako Radi ilikuwa imeegemezwa, akanena:

"Mama Jerry, sikiliza, na kuta hizi zisikilize! Mimi niliyepanda mlima wa Keringet bila kushuka, mimi niliyekunywa upepo wa Mau nikaumaliza, sijawahi kumdharau mtu aliye hai. Ikiwa pembe za baiskeli hii ndizo zilizonikokota uso hadi kwenye lami, ikiwa ndizo zilizomnyima mama yako salamu na kunyima nyumba hii kicheko, basi naapa kwa makaa ya babu yangu: kabla ya jua la Jumamosi kutua, pembe hizo zitang'oka!"

Anyango alimsogezea chumvi.

"Sasa hiyo yote," akauliza, "ni kusema utafanya nini?"

"Nitabadilisha usukani."

"Si ungesema tu hivyo. Kula, ugali inapoa."

Lakini Anyango alipokuwa akiondoa sahani, Makhanu alidhani ameona pembe ya mdomo wa mkewe ikitikisika.

Jumamosi ilipopambazuka, shujaa alitoka uani na zana zake za vita: spana, koleo, nyundo, kisu na kopo la mafuta ya taa. Nyuma ya tangi la maji ilikuwako baiskeli aliyoiacha Jerry alipoizidi kimo, tairi zimekufa, kuku wakitagia chini yake. Usukani wake ulikuwa mpana, ulionyooka, wenye vishikio vya mpira na breki za vidole. Makhanu aliufungua kwa urahisi kama kuchuma pera. Akautundika kwenye kamba, akamgeukia Radi.

Na hapo, enyi wasikilizaji, mkono wake ukasita.

Alianza na utepe mweusi uliozungushwa juu ya pembe. Ulikuwa umeoza kwa jasho la miaka. Kila ulipofunguka mzunguko mmoja, kuliibuka kitu: jasho la kijana mwembamba aliyetangulia wote kileleni Keringet, ukungu ukiwa bado mashambani, akasimama peke yake huko juu akawangoja wenzake, na kwa muda huo mfupi akawa na nchi nzima chini yake. Hakuwahi kumsimulia mtu jinsi alivyojisikia pale juu. Sasa utepe ulikuwa umelala miguuni pake kama ngozi ya nyoka, na Makhanu akawa anafuta pua kwa kiwiko, akisingizia mafuta ya taa.

Kana kwamba shetani alikuwa amengoja saa hiyo hiyo, langoni pakalia kengele ya baiskeli. Alikuwa Nasrudin wa Bondeni, muuza vitambaa, nahodha wa Tai wa Menengai, mwenye ndevu zilizochongwa na baiskeli nyeusi isiyojua vumbi. Alikuja kumkumbusha safari ya Jumapili. Macho yake yakaangukia pembe zilizokuwa uchi.

"Boss, niaje? Unafunga utepe mpya?"

"Naziondoa," akasema Makhanu. "Naweka huu." Akaonyesha kamba ya nguo.

Nasrudin aliutazama usukani wa Jerry kama mtu aliyeonyeshwa maiti. Kisha akaushika mpini wa lango, akapaza sauti:

"Makhanu! Makhanu wa Keringet! Leo nimekuja kukutembelea, kumbe nimekuja matanga! Usukani huo ni wa kupeleka maziwa! Ni wa kubebea kabichi! Utaketi wima kama mtu yuko kwa kiti cha kinyozi, upepo ukikupiga kifuani, watoto wa nursery wakikupita! Sisi tuliinama pamoja, boss. Tuliumwa pamoja. Unataka kuniacha? Nani sasa atanikimbiza mpaka niumie mbele kule?"

Maneno hayo ya mwisho yalitoka chini kidogo kuliko alivyokusudia. Anyango, aliyekuwa akichambua majani ya sukuma mlangoni, aliinua uso. Aliuona utepe chini, akaiona pua ya mumewe imewiva, akaelewa jambo ambalo hakuwa amelielewa.

"Baba Jerry," akasema polepole, "ukitaka uwache, wacha tu. Nitaongea na mama. Nitamwambia ni kazi ya mvua."

Sasa semeni ninyi: nani angemlaumu? Njia ya kurudi ilikuwa wazi, pana, imelimwa na mkewe mwenyewe. Makhanu alimtazama nahodha wake langoni. Akamtazama Anyango mlangoni. Akaokota spana.

"Nasrudin," akasema, "nenda salama. Kesho msiningoje."

Nahodha akaondoka bila kupiga kengele.

Ndipo vita vyenyewe vikaanza. Maana ilikuwa lazima ile shingo ya usukani, chuma kinachoingia ndani ya fremu na kuubeba, ipandishwe juu ili mwendeshaji akae wima. Na shingo hiyo haikuwa imetikiswa tangu siku iliponunuliwa. Makhanu alilegeza bolti ya juu, akaweka kipande cha ubao, akagonga kwa nyundo. Bolti ikazama kwa utiifu. Shingo ikabaki. Akaimwagia mafuta ya taa, akangoja, akagonga. Shingo ikabaki. Akazishika pembe, akazisokota kwa nguvu zote za ukoo wake. Gurudumu la mbele likageuka pamoja nazo, likimfuata kila aendako, na wakazunguka hivyo uani, mtu na baiskeli, kama bwana na bibi arusi wasiojua kucheza. Kutu ya miaka yote ile ilikuwa imefunga ndoa kati ya chuma na chuma, na haikutaka kusikia habari ya talaka.

"Toka, ewe mwana wa kutu!" akanguruma Makhanu. "Toka, ewe mlinzi wa giza!"

"Inataka mtu wa kushika gurudumu," ikasema sauti nyuma yake.

Alikuwa Anyango, na sufuria ya maji yaliyochemka aliyoyakusudia ugali. Bila kungoja hotuba, akayamimina juu ya shingo ile; mvuke ukapanda. Akachota maji baridi tangini, akayafuatisha. Chuma kikalia kidogo, tik, kama kinachofikiri upya. Kisha akageuza ndoo, akaikalia, akapandisha rinda, akalibana gurudumu la mbele kati ya magoti yake.

"Haya. Zungusha. Na usiongee."

Makhanu akatanua miguu, akazishika pembe. Akasokota. Anyango akabana. Yeye akavuta kushoto, mkewe akashikilia kulia, nyuso zao zikiwa karibu kuliko zilivyokuwa kwa majuma mengi, wote wawili wametoa meno, mishipa imesimama shingoni, kuku wakitimua mbio. Na hapo ndipo Anyango aliposhindwa kuuzuia mdomo wake. Kicheko kikamtoka, cha ndani, cha jikoni, akacheka huku amebana, akacheka hadi machozi. Naye Makhanu, aliyeapishwa asiongee, akaanza kutetemeka kwa kicheko huku anasokota, na katika kutetemeka huko shingo ikalia KRAA! ikaachia, na shujaa akaruka kinyumenyume, akaketi ndani ya beseni la sukuma, pembe zikiwa kifuani pake na damu ikichuruzika kidoleni.

"Umeumia?" Anyango akauliza, bado akifuta macho.

"Nimeshinda," akasema Makhanu.

Lakini msipige vigelegele, maana ushindi wa mapema ni mtego wa zamani. Alipandisha shingo, akachomoa pembe, akapitisha usukani wa Jerry, akakaza, akafunga waya mpya za breki, akapanda mbele ya macho ya mkewe na kuteremka kwa fahari kichochoro cha nyuma ya nyumba. Kumbe usukani ule ulikuwa mwembamba kidogo kuliko mdomo wa shingo! Tofauti ilikuwa ndogo kama unene wa ukucha, nao ukucha huo ulitosha. Alipouegemea, usukani ukazunguka mahali pake, breki zikatazama ardhini zisipofikiwa na kidole, na Makhanu akaingia katika kamba ya nguo ya jirani, akatoka upande wa pili amevaa mashati mawili yasiyo yake, akaanguka miguuni pa Wamuyu mwenyewe, aliyekuwa ameketi barazani akinywa soda ya kopo.

Makhanu akainua kichwa kutoka mavumbini. Kwa mara ya kwanza akauona uso wa jirani yake. Akaona ana mwanya mzuri wa meno na macho yenye mzaha.

"Habari ya leo, mama," akasema.

Wamuyu akashusha kopo. "Kumbe unaongea! Mimi tangu nihamie hapa nilijua wewe ni bubu. Nikawa hata nakuombea."

"Nisamehe. Nilikuwa nimeinama."

"Umeinama miaka yote hiyo?"

"Miaka yote, mama." Kisha macho yake yakatua kwenye kopo mkononi mwa Wamuyu, na wazo likamjia kama umeme. "Hilo kopo, ukimaliza, naomba."

Wamuyu akalimaliza kwa mkupuo mmoja, akampa. "Chukua. Lakini hayo mashati utafua mwenyewe, na nitakuja kuangalia."

Bati la kopo la soda ni jembamba, laini, lenye adabu. Makhanu alikata ukanda wake kwa kisu, akauviringisha katikati ya usukani, akaurudisha mdomoni mwa shingo, akakaza bolti. Akauegemea kwa mikono. Akauegemea kwa kitambi. Akamwita Anyango auegemee. Usukani ukasimama kama jiwe la msingi. Jua lilikuwa bado juu ya paa, na kiapo kikawa kimetimia. Na alasiri nzima fahali wa barabara ya Eldoret alionekana ameinamia beseni, akifua mashati ya Wamuyu mara ya pili, kwa sababu mara ya kwanza yalikataliwa.

Jumapili baada ya ibada, alipanda Radi akaelekea Rongai. Enyi watu, alikwenda pole! Upepo ulimpiga kifuani kama alivyotabiriwa. Alipitwa na kijana mwenye mkokoteni mtupu. Lakini kichwa kilikuwa juu, na mkono wa kulia Menengai ilikuwa imelala na mabega yake yote, mawingu yakiburuta vivuli juu yake. Na Makhanu, aliyezaliwa chini ya mlima huo, aliutazama kama mgeni. Mzee aliyeuza mahindi ya kuchoma akainua mkono. Makhanu akainua wake, baiskeli ikayumba, wote wakacheka.

Rongai, mama mkwe alikuwa mbele ya kibanda chake, akipepeta maharagwe. Makhanu alimwona kwa mbali. Akafunga breki mapema, akashuka, akavua kofia ya baiskeli, akasimama kwa umbali ule ambao adabu humtaka mkwe asimame. Hotuba yake aliyoiandaa njia nzima, yenye radi na makaa na mlima wa Keringet, ikamtoroka yote.

"Mama," akasema, "hamjambo. Nimekuja kusalimia. Ile siku sikukuona. Nilipaswa kukuona."

Mama yule akaendelea kupepeta. Kisha ungo ukatulia. Akamkagua mkwewe kuanzia viatu. Akaikagua baiskeli, akaujaribu ule usukani kwa kiganja, akausukuma huku na huku kama anayekagua pembe za ng'ombe wa mahari.

"Nani ameitengeneza?"

"Mimi. Na Anyango alishika gurudumu."

"Anyango alishika?" Sauti ya kengele ikalegea. "Alikasirika?"

"Alicheka, mama. Alicheka mpaka akalia."

Mama mkwe akageuza uso upande wa maharagwe, akaokota jiwe akalitupa. "Nitakuja Jumamosi," akasema. "Lakini mgeni mwenye heshima hutanguliza mjumbe. Ngoja." Akaingia nyuma ya kibanda, na alipotoka alikuwa na jogoo mwekundu, mkubwa, mwenye hasira, amefungwa miguu. Akamtundika kwenye usukani. "Sasa hii ndiyo baiskeli."

Hivyo ndivyo Makhanu alivyoirudia njia ya Nakuru, jogoo akining'inia na kumlaani kila lori. Karibu na Ngata akasikia nyuma yake mngurumo anaoufahamu, wa magurudumu membamba mengi. Walikuwa Tai wa Menengai. Wakampita mmoja mmoja, wameinama, wanakata pumzi, wala hakuna aliyemtambua, kwa kuwa hakuna aliyeinua macho. "Habari zenu!" akawaita. Hewa ikamjibu.

Wa mwisho peke yake akapunguza mwendo. Alikuwa Nasrudin. Akamtazama jogoo. Akatazama mbele, wenzake walikokuwa wakipotelea kwenye mteremko. Akajaribu kugeuza shingo amwangalie Makhanu, akashindwa, ikambidi ageuze mwili wote.

"Boss," akasema kwa sauti ya chini, "hiyo kitu. Inaumiza kuweka?"

"Inaumiza kidogo tu mwanzoni, ukifungua utepe."

Nasrudin akaendesha sambamba naye kwa urefu wa shamba zima la mahindi. "Mimi mwaka mzima silali na mto juu ya hii shingo," akasema. "Usiwaambie hao."

"Njoo Jumamosi na uletee Anyango gurudumu la kushika. Mama mkwe atakuwepo. Tutachinja."

Jogoo aliposikia neno hilo akapiga kelele, nao wakaendelea pamoja, mmoja wima na mwingine ameinama, pole kwa pole, hadi bonde likafunguka na ziwa likaonekana upande wa kulia likimetameta kama bati jipya.

Basi wajulisheni wajukuu, enyi wa Langa Langa na Bondeni, kwamba alasiri hiyo mtu mmoja aliingia Nakuru akiwa wa mwisho kabisa, amepitwa na mkokoteni mmoja na Tai wote ila nahodha wao, na mji mzima ukamjua kwa uso.